Filtri iliyooshwa kwa esanse: jibu kwa mama mwenye Corolla ya taksi

«Nina Corolla ya 2004, ya esanse (petroli), moteri 1NZ, iliyotoka Japani. Mimi ni mwalimu. Gari linafanya taksi hapa Goma, kati ya Birere na Ndosho, mara nyingine linafika Sake, na shofere ananiletea hesabu jioni. Fundi wetu anafanya vidanji, yaani kubadilisha mafuta ya moteri, kila mwezi na nusu hivi, lakini filtri ya mafuta anaitoa, anaiosha kwa esanse, anairudisha. Anasema bado ni nzima. Safari hii amenishauri tumimine kwanza mazutu (dizeli) ili kusafisha moteri, halafu tuweke mafuta mazito ya 20W-50 kwa sababu gari limezeeka. Tena, wiki moja baada ya kila vidanji mafuta yanakuwa meusi, na shofere anasema tunauziwa mafuta ya bandia. Birere nimeonyeshwa filtri tatu za bei tofauti, na zote zinaingia. Nichukue ipi? Nimwamini nani?»

Mama, mambo uliyoniuliza ni matano, na hayana uzito sawa. Weusi wa mafuta, ambao ndio unaokunyima usingizi, ni jambo dogo. Filtri inayooshwa, ambayo umeitaja kama kwa kupita, ndiyo inayokula moteri yako. Ila nianze na hayo meusi, maana nisipoyamaliza utaendelea kugombana na shofere bure.

Mafuta ya moteri hayafanyi kazi ya kulainisha tu. Yanapoza, yanazuia kutu, na yanaosha. Ndani yake mna dawa inayobandua masizi kwenye pistoni na kuyashika yaelee, yasigande ukutani. Chembe za masizi ni ndogo mno, nyingi hazifiki hata sehemu moja ya elfu ya milimita, kwa hiyo zinapita kwenye karatasi ya filtri kama moshi unavyopita kwenye chandarua. Moteri ya miaka ishirini, yenye uchafu wa vidanji vingi vilivyocheleweshwa, ikipewa mafuta mapya mazuri itayafanya meusi ndani ya siku chache. Hapo mafuta yanafanya kazi uliyoyanunulia. Hayo meusi hayakwambii kama bidoni ilikuwa ya kweli au ya bandia, wala kama filtri ni nzima.

Mafuta ya bandia yapo, shofere wako hakosei kuyaogopa. Lakini yanatafutwa kwingine. Angalia kifuniko: ile pete ya plastiki iwe haijakatika, na chini yake karatasi ya kuziba iwe imeshika kote bila alama ya gundi ya pili. Angalia maandishi ya nyuma. Kwa gari la esanse kama lako tafuta herufi API, alama ya kiwango cha mafuta ya moteri, zikifuatwa na SL, SM, SN au SP. Ukiona SC au SF, hiyo ni kanuni ya moteri za zamani sana, iache hata kama muuzaji anakuapia. Ukiona C peke yake, kama CF au CI-4, hayo yametengenezewa mazutu kwanza. Na bidoni ikiisha, itoboe kwa msumari kabla ya kuitupa. Bidoni nzima yenye jina zuri haikosi mnunuzi, na anayeinunua tupu anajua atakachoijaza.

Sasa filtri. Ukiishika mkononi unaona kopo la bati tu. Ndani mna karatasi ngumu iliyokunjwa mikunjo mingi, kuzunguka bomba lenye matundu. Mafuta yanasukumwa na pampu, yanaingia kwa vitundu vidogo vya pembeni, yanapita kwenye karatasi, yanatokea katikati kwenye tundu kubwa lenye nyuzi, ile mikato ya kuzungusha kama ya skrubu, na kutoka hapo yanakwenda moja kwa moja kwenye kusineti, vile vibati vya madini laini vinavyoishika shafti, mhimili unaozungushwa na pistoni. Kati ya shafti na kibati hicho mna ngozi ya mafuta nyembamba kuliko unywele. Chembe ya mchanga ikiingia hapo inachora chuma kama kisu.

Kuna kitu kingine ndani ya kopo hilo ambacho wateja wengi, na mafundi wengi pia, hawajawahi kukiona: kijilango chenye springi. Karatasi ikijaa uchafu, mafuta yanashindwa kupita. Msukumo ukizidi kiasi fulani, kwa filtri nyingi ni karibu na bar 1, springi inalegea na kijilango kinafunguka, mafuta yanapita pembeni bila kuchujwa. Waliokibuni walifikiri vizuri: afadhali moteri inywe mafuta machafu kuliko ikose mafuta kabisa. Lakini ona maana yake kwako. Filtri ikiziba, taa nyekundu ya mafuta haiwaki. Gari haligomi. Shofere haoni chochote, hesabu ya jioni inakuja ile ile, na kumbe tangu wiki iliyopita moteri inazungusha mchanga.

Ndiyo maana neno «bado ni nzima» halina msingi. Nzima kwa kuangalia nini? Bati la nje halichakai. Ukilitikisa ndani ya esanse, uchafu ulioshikwa upande wa nje wa karatasi unatoka kidogo, na mwingine unasukumwa ndani zaidi. Esanse inaweza kudhoofisha gundi inayoshika mikunjo na kuharibu mipira ya ndani. Kisha hata ukiiacha ikauke nusu siku, mna esanse iliyobaki katikati ya mikunjo, nayo inakwenda kuyafanya mepesi yale mafuta mapya uliyoyalipia. Na ule mpira wa duara wa mdomoni umeshabonyea mara ya kwanza. Mara ya tatu hauzibi vizuri, fundi anakaza kwa nguvu ili usivuje, na siku ya kufungua bati linapasuka. Filtri ya kopo haioshwi, haipulizwi kwa upepo wa kompresa, haigeuzwi. Kila vidanji, filtri mpya.

Najua fundi wako hakuzua jambo hilo. Wengi wetu tulijifunza kazi wakati filtri zilikuwa adimu, na kuosha kulikuwa afadhali kuliko kukosa. Usimwaibishe mbele ya vijana wake. Mpelekee filtri mpya mkononi, mwambie «tuweke hii», na ile ya zamani uichukue. Nitakwambia baadaye uifanyie nini.

Sisi wa Goma tuna sababu ya ziada. Vumbi linaloingia kwenye magari yetu ni jiwe lililosagwa. Mji umejengwa juu ya lava, mawe ya volkano; ile ya Januari 2002 ilipita katikati ya mji mpaka ziwani, na kila gurudumu linalokanyaga mawe hayo linatoa unga mkali. Barabara ya Sake wakati wa kiangazi unaijua. Na njia kubwa ya unga huo kuingia ndani ya moteri ni filtri ya hewa. Ukikaza akili kwenye filtri ya mafuta na kuisahau ya hewa, umefunga dirisha na mlango uko wazi. Ile ya hewa inaweza kugongwagongwa taratibu na kupulizwa kwa upepo mdogo kutoka ndani kwenda nje mara moja au mbili, kisha inabadilishwa. Hiyo nayo isiguswe na maji wala esanse. Pitisha mkono ndani ya bomba linalotoka kwenye sanduku la filtri kuelekea moteri: ukikuta unga kwenye kidole, filtri imetoboka au sanduku halifungi, na hakuna mafuta duniani yatakayoiokoa moteri hiyo.

Kuhusu zile tatu za Birere. «Zote zinaingia» ni sentensi inayonitia hofu kuliko zote ulizoandika. Corolla yako inatumia filtri yenye nyuzi za inchi, zinazoandikwa 3/4-16, yaani upana wa milimita 19 na nukta kidogo. Magari mengine ya Japani, Honda kwa mfano, yanatumia nyuzi za M20x1.5, upana wa milimita 20. Kwa macho huzitofautishi. Ile ya milimita 20 inapanda kwenye kile chuma chenye nyuzi kinachoshika filtri kwenye moteri yako, inazunguka vizuri, inafika mwisho, unasikia imekaza. Lakini imeshikwa na ncha za nyuzi tu. Siku ya asubuhi yenye baridi, mafuta bado mazito, shofere anakanyaga ghafla, msukumo unapanda na filtri inaruka. Mafuta yote yanamwagika barabarani chini ya dakika moja. Kwa hiyo usinunue kwa kulinganisha umbo. Nunua kwa namba: mwambie muuzaji Corolla, mwaka 2004, moteri 1NZ-FE, afungue katalogi au akuonyeshe boksi lililoandikwa hivyo. Nyuzi mara nyingi zimeandikwa juu ya boksi au kwenye bati lenyewe. Zisipoandikwa popote, rudisha.

Ukishahakikisha namba, chungulia kwa tundu la katikati na vile vitundu vya pembeni. Nyuma ya vitundu uone ngozi ya mpira iliyolala sawasawa. Hiyo inazuia mafuta yasirudi yote chini gari likilala. Isipokuwepo, kila asubuhi utasikia moteri ikigonga sekunde mbili tatu kabla mafuta hayajapanda. Nyuzi ziwe safi, bila vumbi la chuma. Mpira wa duara uwe laini, usio na nyufa, ukiwa umekaa ndani ya mfereji wake. Bei kubwa pekee haithibitishi kitu, kwa sababu ni ya bei kubwa inayoigwa. Mimi ningechukua ya kati, ya kampuni inayojulikana, kutoka duka litakaloendelea kuwepo mwezi ujao, na ile ya bei ya chini kabisa nisingeigusa.

Mazutu ndani ya moteri: hapana, Mama. Kwenye hili sina kati na kati. Mazutu ni mepesi, hayawezi kubeba uzito wa shafti. Hata kuiacha moteri inguruma dakika tano nayo, ni dakika tano za chuma juu ya chuma. Na katika moteri ya zamani mazutu yanabandua vipande vya tope kwa mkupuo mmoja, vinashuka kwenye karteri, lile sinia la mafuta chini ya moteri, vinakwenda kuziba ule wavu mdogo ambao pampu inanyonyea. Nimefungua moteri za namna hiyo: safi upande wa juu, zimekufa upande wa chini. Ukitaka kuisafisha, fanya vidanji viwili vya karibu: mafuta ya kawaida ya namba sahihi na filtri mpya, tembea kilomita 1,500, mwaga tena, weka filtri nyingine. Mafuta yenyewe yataosha polepole, na uchafu utashikwa njiani.

Sasa 20W-50. Fundi wako ana mantiki yake: moteri ikizeeka nafasi kati ya vyuma inapanuka, mafuta mazito yanajaza. Kwa moteri nyingine za zamani ni kweli. Lakini 1NZ-FE ilitengenezwa kwa mafuta mepesi, 5W-30 hasa, na ina kitu ambacho moteri za zamani hazina: vyumba vidogo vinavyobadilisha majira ya valvu kwa nguvu ya mafuta yenyewe, pamoja na kikazio cha cheni kinachosukumwa na mafuta hayo hayo. Njia zake ni nyembamba. Mafuta mazito yanachelewa kufika, na kumbuka kijilango cha filtri: mafuta yakiwa mazito asubuhi, kinafunguka mapema na kinakaa wazi muda mrefu. Namba iliyo kabla ya W inakuonyesha yanavyotembea yakiwa ya baridi, ya pili uzito wake moteri ikichemka. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, asubuhi zetu si za joto la Kindu, lakini pia hakuna barafu. Kwa hiyo 5W-30 au 10W-30. Kama gari linakula mafuta, tuseme unaongeza nusu lita kati ya vidanji na vidanji, 10W-40 ni suluhisho la haki. 20W-50 iache. Ikiwa moteri haiwezi kuishi bila mafuta mazito namna hiyo, mafuta yanaficha ugonjwa, na ugonjwa huo unatakiwa upimwe.

Kwenye muda, fundi wako yuko sawa, mpe haki yake. Taksi ikitembea kilomita 120 kwa siku, siku 26, ni kilomita 3,120 kwa mwezi. Mwezi na nusu inakaribia 4,700. Kwa vumbi letu, mwendo wa kusimama-simama na gari lililojaa watu, kilomita 5,000 ndio mwisho wangu, na wakati wa kiangazi ningeshuka hadi 4,000. Ila usihesabu kwa miezi. Andika kilomita kwenye kipande cha skochi, ukibandike ndani ya kofia ya moteri. Na kila asubuhi, kabla gari halijawashwa, shofere avute joje, kile kijiti cha kupimia mafuta, aifute, airudishe, aivute tena. Ni dakika moja. Mafuta yakishuka, aongeze. Yakipanda bila mtu kuongeza, ni esanse au maji yameingia, alete gari.

Siku ya vidanji nenda mwenyewe, hata kama huna shughuli na spana. Moteri iwe ya vuguvugu, siyo ya kuunguza. Gari likinyanyuliwa kwa kriki (jeki), mtu asiingie chini mpaka liwekewe nguzo za chuma au magogo imara, na chini ya kriki pawe na ubao. Mawe yetu yanateleza na yanavunjika. Bulungi ya chini, ile bolti ya kumwagia mafuta, inafunguliwa kwa spana ya 14, mafuta yanaachwa yatiririke dakika kumi hadi kumi na tano, hadi yabaki matone. Rondeli (washa) ya bulungi iwe mpya. Bulungi ianzishwe kwa vidole. Karteri zinazoharibika nyuzi nyingi zimeharibiwa na kijana mwenye haraka na spana ndefu.

Filtri ya zamani ikitoka, angalia kwa macho yako kama mpira wake umetoka nayo. Hili nalisisitiza kwa sababu lilinipata. Nikiwa bado mwanafunzi wa garaji niliweka filtri mpya juu ya mpira wa zamani uliobaki umenata kwenye moteri. Mipira miwili haishiki. Gari lile lilipanda njia ya Rutshuru, na kabla ya kufika Kibumba lilikuwa limemwaga mafuta yote. Mwenyewe alizima moteri haraka taa ilipowaka, ndiyo ilimuokoa. Tangu siku hiyo napitisha kidole mahali hapo kabla ya kuweka filtri yoyote.

Filtri mpya inapakwa mafuta mapya kidogo kwenye mpira, inazungushwa kwa mkono mpaka iguse, kisha robo tatu ya mzunguko. Kwa mkono, siyo kwa ufunguo wa cheni. Moteri yako inachukua lita 3.7 ikibadilishwa na filtri. Mimina 3.4 kwanza, washa, uhesabu: taa nyekundu izime ndani ya sekunde chache. Acha inguruma dakika mbili huku mtu anaangalia chini kama kuna tone, zima, subiri dakika tano, soma joje, kamilisha. Msizidishe. Mafuta yakizidi, shafti inayapiga mpaka yatoe povu, na povu halilainishi chuma. Bidoni ya lita nne itakubakishia kidogo. Kaa nayo kwa ajili ya kuongeza.

Ile filtri ya zamani sasa. Iache imwagike usiku mzima, kisha fundi aikate bati kwa msumeno taratibu, afunue karatasi juani. Weusi ni kawaida. Mchanga unaokwaruza unakurudisha kwenye filtri ya hewa. Lakini mkikuta vipande vinavyong'aa vya rangi ya shaba au fedha, hivyo vinatoka kwenye kusineti, na hapo hakuna jibu la kuandikiwa: gari lisimame, lipelekwe garaji yenye manometa wapime msukumo wa mafuta. Fanya hivyo pia kama taa nyekundu inawaka moteri ikinguruma polepole, kama kuna mlio wa kugonga upande wa chini ukikanyaga, kama mafuta yamekuwa rangi ya maziwa, au kama linakula lita nzima kila kilomita 1,000. Na mwambie shofere, tena kwa ukali wa mwalimu: taa nyekundu ya mafuta ikiwaka njiani, azime moteri pale pale, hata kama abiria wamejaa na wanapiga kelele. Akisogea mpaka kituo kinachofuata, moteri inaweza kuwa imekufa.

Mafuta machafu wayaweke kwenye bidoni ya zamani, wayapeleke garaji inayoyakusanya. Wasiyamwage pembeni ya ukuta. Mawe ya hapa yana matundu, yanayameza mara moja kama hayakuwepo, na chini ya mawe maji yetu yanaelekea ziwani, kule ambako watoto wanachota na bidoni zao za njano. Na wenye kushika kazi hiyo waoshe mikono kwa sabuni, mafuta yaliyotumika yakikaa kwenye ngozi miaka na miaka yanaweza kuleta kansa.

Kesho basi, kabla ya yote, mzuie fundi asimimine yale mazutu. Filtri utaitafuta Jumamosi ukiwa na nafasi.